Kalenda Ndiyo Inayoamua Nani Amechelewa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wenzangu wanaosimamia programu za mtiririko wa kazi, yaani zile zinazopitisha maombi hatua kwa hatua na kupima muda wake. Naiweka hapa kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, wenzangu mliozoea kukumbukwa siku mfumo unapokwama tu.

Naomba nianze na dada mmoja. Jina lake sitalitaja, wala ofisi yake. Kazi yake ilikuwa kujibu maombi ya wateja, na makubaliano yalikuwa wazi: kila ombi lijibiwe ndani ya saa nne. Siku moja ya Ijumaa, 16:30, likaingia ombi. Ofisi inafungwa 17:00. Akalisoma, akaanza kulichunguza, muda wa kufunga ukafika, akaenda nyumbani. Jumatatu ofisi ilifunguliwa 08:00, na 08:40 jibu likawa limeshamfikia mteja, jibu zuri, kamili.

Mfumo uliandika nini? Uliandika kwamba amejibu baada ya saa 64 na dakika 10. Rangi nyekundu. Amechelewa.

Ndugu zangu, dada yule alitumia dakika 30 za Ijumaa na dakika 40 za Jumatatu. Jumla ni saa moja na dakika kumi. Makataa yake halali yalikuwa Jumatatu 11:30, kwa hiyo alikuwa mbele kwa karibu saa tatu. Lakini kwa miezi mitatu jina lake lilikaa mkiani mwa orodha ya kila mwezi, na kila Jumatatu aliambiwa ajitahidi. Ajitahidi nini? Aje kazini Jumapili usiku?

Nani alikosea? Mkuu wake alisoma ripoti kama ilivyo. Programu ilitoa tarehe moja kwenye nyingine, kama ilivyoagizwa. Aliyekosea nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeusanidi mfumo ule, na pale palipoandikwa "chagua kalenda" nikaacha ile iliyokuja na programu: saa 24, siku 7. Sikufikiri hata kidogo kwamba kwa kuacha vile nilikuwa nimeamua jambo. Kumbe nilikuwa nimeamua nani atachelewa.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Anayeandika kalenda ya saa za kazi anaamua nani amechelewa. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya hilo.

Kabla sijaendelea, kuhusu saa: leo nazitaja kama mashine inavyoziandika. 08:00 ni saa mbili asubuhi, 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Mnacheka, lakini nimewahi kukuta kalenda iliyoandikwa 02:00 hadi 11:00. Mgeni aliyekuja kusanidi aliuliza mnafungua saa ngapi, akaambiwa saa mbili. Mnafunga saa ngapi, saa kumi na moja. Akaandika alichosikia. Na uzuri wa kosa lile, kama kosa lina uzuri, ni kwamba jumla ya saa ilikuwa sawasawa. Saa tisa ni saa tisa. Ripoti za wiki zilipendeza. Ila maombi yote yaliyoingia baada ya 11:00 yalisubiri usiku wa manane ndipo saa ianze kuhesabu, na hakuna aliyejua kwa nini watu wa mchana walikuwa hodari kupita kiasi.

Sasa tuingie ndani. Kalenda ya saa za kazi ni kitu gani hasa?

Ukiifungua utakuta vitu vitatu. Kuna mpangilio wa wiki: Jumatatu kuanzia 08:00 hadi 13:00, kisha 14:00 hadi 17:00, na kuendelea. Angalieni kwamba ni vipande, si mstari mmoja, kwa sababu watu hupumzika. Kuna siku za pekee zinazovunja mpangilio huo, kama sikukuu, nusu siku, au Jumamosi moja ya kuhesabu mali. Na kuna jina la eneo la saa, ili 08:00 iwe 08:00 ya mahali fulani duniani.

Juu ya vitu hivyo mashine inafanya hesabu mbili tu. Ya kwanza ni kuongeza: anzia hapa, nipe saa nne za kazi mbele. Ya pili ni kupima: kati ya wakati huu na ule zimepita saa ngapi za kazi. Mashine inatembea kipande kwa kipande, inakula dakika zilizo ndani, inaruka zilizo nje. Mtoto anayejua kujumlisha angeweza kuifanya.

Basi kwa nini tunaikosea? Kwa sababu ya neno moja dogo. Siku.

Siku ni nini? Naomba mnijibu kimoyomoyo. Mteja akiahidiwa "siku mbili", ana maana gani?

Ofisi moja niliyoisaidia iliahidi siku mbili za kazi. Msimamizi, mtu makini kabisa, akaenda kwenye mipangilio. Sehemu ile ilitaka dakika. Akapiga hesabu: siku ina saa 24, siku mbili ni saa 48, mara 60, dakika 2880. Akaandika 2880. Kalenda nayo ilikuwa nzuri, saa 8 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa fuateni. Ombi linaingia Jumatatu 10:00. Siku hiyo linakula saa 6. Jumanne hadi Ijumaa, saa 32. Jumatatu ya pili, saa 8. Jumanne ya pili saa 2 za mwisho. Makataa: Jumanne ya wiki ya pili, 10:00. Siku mbili zimekuwa sita!

Hapakuwa na nyekundu hata moja. Wafanyakazi walifurahi, mkuu alifurahi, ripoti ilikuwa kijani kama shamba la mvua. Waliolalamika ni wateja, na kila walipolalamika walionyeshwa ripoti. Ndiyo maana nasema kosa la kalenda linaloonea wafanyakazi hugunduliwa mapema kidogo, maana yupo wa kupiga kelele ndani ya nyumba. Linaloonea wateja linaweza kuishi miaka.

Na hata ukiandika dakika 960, yaani saa 16, bado hujamaliza. Kwa saa 16, ombi la Jumatatu 10:00 linaisha Jumatano 10:00. Lakini taratibu nyingi za kisheria hazihesabu siku ya kwanza: Jumatatu haimo, Jumanne ni ya kwanza, Jumatano ni ya pili, na una hadi Jumatano jioni. Ukienda kwenye Excel, kanuni ya NETWORKDAYS, inayohesabu siku za kazi kati ya tarehe mbili, inahesabu ncha zote mbili, kwa hiyo Jumatatu hadi Jumatano inakwambia 3. WORKDAY, ndugu yake wa tumbo moja anayetafuta tarehe baada ya siku kadhaa za kazi, haihesabu siku ya kuanzia. Ni programu ileile, familia ileile ya kanuni, na hesabu mbili.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinachotumiwa kuandika tarehe na muda kinatenganisha P1D na PT24H. Cha kwanza ni siku moja, cha pili ni saa 24. Waliotunga walijua kwamba havilingani. Sisi tunaobofya vitufe ndio tunaosahau. Na zipo sheria zinazotaka saa za ukutani kwelikweli. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, ile GDPR, inataka uvujaji wa taarifa uripotiwe kwa mamlaka ndani ya saa 72 tangu kujulikana. Imeandika saa 72, haikuandika saa 72 za kazi. Ukiuweka mtiririko huo kwenye kalenda ya ofisi yenye saa 8 kwa siku, 72 zinakuwa siku tisa za kazi. Kwa hiyo msitoke hapa mkaziweka kazi zote kwenye kalenda ya ofisi. Uliza kwanza: ahadi hii ilitolewa kwa saa zipi?

Halafu kuna siku zisizolingana. Serikali ya shirikisho ya Falme za Kiarabu, tangu tarehe 1 Januari 2022, inafanya kazi siku nne na nusu. Ijumaa inaisha saa sita mchana. Sasa "siku moja" ya Ijumaa ni saa ngapi? Programu yenye sehemu moja tu ya "saa kwa siku" itakudanganya kila Ijumaa. Ichunguze programu yako. Nyingine zina kalenda nzuri kabisa, kisha pembeni kabisa, kwenye ukurasa mwingine wa mipangilio, kuna kisanduku kinachobadilisha siku kuwa saa, na viwili hivyo havijuani.

Mwishoni mwa wiki nako hakujatulia. Saudi Arabia ilikuwa ikipumzika Alhamisi na Ijumaa; mwezi Juni 2013 ikahamia Ijumaa na Jumamosi. Aliyekuwa ameandika siku za mapumziko ndani ya msimbo wa programu ilimbidi afungue msimbo. Aliyeziweka kwenye kalenda alibadilisha alama mbili akaenda zake. Tena msisahau namba za siku: kwa ISO Jumatatu ni 1, kwa lugha ya programu ya JavaScript Jumapili ni 0, kwa kalenda ya zamani ya lugha ya Java Jumapili ni 1. Hamisha kalenda kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kutazama, na utashangaa watu wako wanatakiwa kazini Jumapili hadi Alhamisi.

Sasa zamu ya usiku. Hapa naomba utulivu kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza nywele.

Zamu inaanza 22:00, inaisha 06:00. Unaandika hivyo, mfumo unakataa: mwisho hauwezi kutangulia mwanzo. Haya, unakata vipande viwili. Wengi huandika 22:00 hadi 23:59, kisha 00:00 hadi 06:00. Mnaiona dakika iliyoanguka? Kati ya 23:59 na 00:00 pana dakika moja isiyo ya mtu. Kila usiku. Ni ndogo, nakubali, na kama hapo ndipo pangekuwa mwisho ningenyamaza. Lakini tukio likiangukia ndani ya dakika hiyo, mfumo unasema limetokea nje ya saa za kazi, na kila kilichofungwa kwenye swali la "je, tuko kazini?" kinajibu hapana. Tahadhari ya 23:59 ilitumwa kwa mtu wa akiba aliyelala, ilhali chumba kizima kilikuwa macho. Kipande kinachofika usiku wa manane kiishie 24:00, au 00:00 ya siku inayofuata, kwa namna yoyote programu yako inavyoruhusu. Mwanzo umo, mwisho haumo. Vipande vikishonwa hivyo havina pengo wala havilaliani.

Ikaja sikukuu. Jumanne ilikuwa sikukuu, nasi tukaiweka kwenye kalenda kama siku isiyo ya kazi. Mfumo ukafuta Jumanne nzima, kuanzia 00:00 hadi 24:00. Lakini watu wa zamu walikuwa wameingia Jumatatu 22:00! Saa mbili zao za kwanza zikahesabiwa, saa sita za baada ya usiku wa manane zikayeyuka. Na wale wa Jumanne usiku? Saa mbili zilifutwa, saa sita zikabaki kwa sababu tayari ni Jumatano, na Jumatano ni siku ya kazi. Nusu ya zamu kazini, nusu sikukuu.

Sikukuu ya zamu ya usiku ni ipi? Ni ya siku zamu ilipoanza au ilipoisha? Msiniulize mimi. Mashine nayo haijui. Waulizeni wenye zamu, na anayewalipa, mpate jibu moja, kisha mliandike kwenye kalenda kwa saa kamili, si kwa tarehe. Nilipouliza mimi, nilipata majibu matatu kutoka kwa watu wanne.

Kwenye nchi nyingi zinazosogeza saa kwa ajili ya majira, zamu hiyohiyo ya Jumamosi usiku inakuwa ya saa 7 siku ambayo saa inasogezwa mbele, na ya saa 9 inaporudishwa nyuma. Ofisi ya mchana haihisi chochote, ndiyo maana wenye ofisi za mchana husema jambo hili ni dogo. Ila nao wana mtego wao: wakiandika eneo la saa kama "+1", yaani saa moja mbele ya saa ya Greenwich, badala ya jina, mfano Europe/Berlin, basi nusu ya mwaka ofisi yao itafunguka saa moja nje ya wakati wake. Andikeni jina la eneo. Nyuma ya jina hilo ipo hifadhidata ya maeneo ya saa inayotunzwa chini ya IANA, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti, nayo husahihishwa kila serikali zinapobadilisha mawazo.

Na hubadilisha! Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011 yote. Ilikuwa iwe Ijumaa. Watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi, kwa sababu nchi ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Mwenye makataa ya Ijumaa ile angeyatimiza lini? Mwezi Machi 2023 Lebanoni iliamua siku chache kabla kwamba saa zisisogezwe kwanza. Wengine wakafuata, wengine wakasogeza, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili mpaka uamuzi ulipogeuzwa. Uingereza, Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na tarehe 10 ikatangazwa kwamba Jumatatu tarehe 19 itakuwa siku ya mapumziko. Siku tisa tu! Na Idi, pale inapofuata mwandamo wa mwezi, huthibitishwa jioni ya kuamkia.

Kwa hiyo nauliza: kwenu, sikukuu ikitangazwa jioni, nani anaiingiza kwenye kalenda, na kwa muda gani? Kama jibu ni "tunasubiri toleo jipya la programu", mmeshachelewa. Mpeni ruhusa mtu wa ofisi, anayesikiliza habari, mwenye akili ya kuuliza. Nimewaona waandishi wa programu wakilinda orodha ya sikukuu kama hazina. Waiachie.

Ila sikukuu ikishaingizwa, yanatokea maswali ambayo si ya yule mtu wa ofisi. Maombi yaliyo mezani tayari yana makataa yaliyopigwa kwa kalenda ya jana. Je, yapigwe upya? Programu nyingine hupiga upya zenyewe, nyingine hazigusi kilichokwisha kuhifadhiwa, na nyingine hupiga upya pale tu ombi linapoguswa, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, maana maombi mawili yaliyoingia dakika moja yanakuwa na makataa mawili. Fahamu programu yako ni ya aina gani kabla ya sikukuu, si baada yake.

Na la nyuma je? Hili lilinipata. Ofisi ilipunguza saa, ikaanza kufunga 16:00 badala ya 17:00. Nikafungua kalenda, nikabadilisha, nikahifadhi. Kesho yake mkaguzi akatoa ripoti ya mwaka uliopita, na haikufanana na ile iliyosainiwa. Maombi ya mwaka uliopita yalikuwa yamepimwa upya kwa saa za mwaka huu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefoji, ila jaribu kumweleza hivyo mkaguzi mwenye karatasi mbili mkononi. Tangu siku hiyo sibadilishi kalenda. Naunda mpya, naipa tarehe ya kuanza, ya zamani naipa tarehe ya mwisho, na kila ombi linabeba jina la kalenda iliyolihesabu.

Nina jambo moja dogo la kihesabu, wenye haraka wanivumilie. Ijumaa 17:00 na Jumatatu 08:00 ni wakati mmoja. Kwa kalenda ya ofisi, kati yake hakuna hata dakika. Kwa hiyo kazi ya saa nne iliyoanza Ijumaa 12:00, pamoja na mapumziko ya mchana, inaisha Ijumaa 17:00 au Jumatatu 08:00? Kanuni zote mbili ni sahihi. Lakini mwonyeshe mteja Jumatatu 08:00, atadhani mmejipa siku tatu za ziada. Na kazi inayofuata ukiiambia ianze Ijumaa 17:00, mtu atapokea ujumbe wa "kazi yako imeanza" akiwa mlangoni. Mimi huandika mwisho kwa upande wa Ijumaa na mwanzo kwa upande wa Jumatatu. Programu nyingi hazikuulizi, zinachagua zenyewe, na zinachagua upande mmoja kwa yote mawili.

La kalenda ya nani sitalichambua sana. Mteja yuko nchi moja, mhudumu nchi nyingine, mkuu nchi ya tatu. Ahadi imeandikwa kwa saa za nani? Someni mkataba. Kama mkataba haukusema, rudini kwa walioutia saini kabla hamjagusa programu.

Namaliza na kalenda tupu. Mwenzangu mmoja aliunda kalenda mpya, akaipa jina, akahifadhi kabla hajaweka saa hata moja, kisha akaitwa kwenye kikao. Kwa bahati mbaya mtiririko mmoja ulikuwa umeshaelekezwa kwenye kalenda hiyo. Ombi likaingia. Mashine ikaanza kutafuta dakika ya kwanza ya kazi. Leo hakuna. Kesho hakuna. Wiki ijayo hakuna. Ikaenda mwaka ujao, ikaenda mbele, ikaenda mbele, na seva ikashika moto kwa kutafuta asubuhi ambayo haipo. Tulipoizima, mwenzangu alirudi kutoka kikaoni akauliza kwa nini mfumo uko taratibu leo. Siku hizi, kalenda yoyote ikitembea mwaka mzima bila kukuta dakika ya kazi, programu yetu inasimama na kutaja jina la kalenda hiyo kwa sauti.

Muda wangu umekwisha. Mwenyekiti ananionyesha saa, na sina haja ya kumuuliza ni ya eneo gani. Tuanze na yule dada wa safu ya pili, aliyeinua mkono tangu nilipotaja zamu ya usiku na hajaushusha. Karibu, dada.